Maana ya Faragha katika Nchi ya Shinyanga: Uchunguzi wa Nadharia Tatu

Neno "faragha" limo katika Kiswahili tangu zamani. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake katika lugha hiyo una maana ya utupu, yaani nafasi isiyo na kitu au wakati usio na kazi. Mtu wa pwani alipomwambia mwenziwe waende faraghani, alimwita mahali pasipo na watu. Lilikuwa jina la mahali na la hali, wala halikuwa jina la haki. Lakini katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 neno hilo limepewa kazi mpya. Ibara ya 16, iliyoingia pamoja na haki nyingine katika marekebisho ya mwaka 1984, inahusu haki ya faragha na usalama wa mtu, na ndani yake zimetajwa nafsi, maisha binafsi, familia, unyumba, maskani na mawasiliano. Mwaka 2022 Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo ikaanza kutumika mwaka 2023. Basi neno lililokuwa la mahali limekuwa la sheria. Yafaa iulizwe ni dhana gani iliyotiwa ndani yake, na kama dhana hiyo yawatosha watu ambao sheria inawahusu.

Wataalamu walioandika juu ya jambo hili katika miaka mia na zaidi iliyopita waweza kugawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la wale wanaoiona faragha kuwa mamlaka ya mtu mmoja juu ya nafsi yake. Mwaka 1890 wanasheria wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, waliandika katika jarida la sheria la Harvard kwamba kila mtu ana haki ya kuachwa peke yake. Waliyoyaogopa ni magazeti yenye udaku na kamera mpya zilizoweza kumpiga mtu picha pasipo yeye kukaa tayari. Mwaka 1967 Alan Westin, naye Mmarekani, aliipanua fikra hiyo katika kitabu kizima: kwake faragha ni dai la mtu, au kikundi, au chama, la kuamua mwenyewe habari zake zitolewe lini, vipi, na kwa kiasi gani. Sheria nyingi za leo, pamoja na hiyo ya Tanzania ya mwaka 2022, zimejengwa juu ya msingi huu.

Kundi la pili huanzia upande wa jamii. Mwaka 1962 Julius Nyerere aliandika kwamba Ujamaa wa Afrika una mzizi katika familia pana, ambamo mtu huwatazama wenzake kuwa ndugu. John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba mtu hupata utu wake kwa kuwa pamoja na wengine. Hawa wawili hawakuandika juu ya faragha. Lakini waliowafuata wametoa kwao hoja ambayo husikika mara kwa mara katika mabaraza na madarasa, ya kuwa faragha ni tamaa ya Wazungu, na kwamba Mwafrika wa kijijini hana jambo la kuwaficha ndugu zake.

Kundi la tatu limejaribu kushika njia ya katikati. Irwin Altman, mwanasaikolojia, alionyesha mwaka 1975 kwamba faragha ni kufungua na kufunga mpaka wa nafsi kwa zamu, na kwamba kila jamii ina njia zake za kufanya hivyo, hata ile isiyo na vyumba wala milango. Helen Nissenbaum, katika kitabu chake cha mwaka 2010, akasema kila uwanja wa maisha una kanuni zake za habari. Yafaayo kwa mganga wa hospitali hayafai kwa mwajiri, na kosa hutokea habari inapotolewa katika uwanja wake ikapelekwa katika uwanja mwingine bila kanuni.

Nadharia hizi tatu zitapimwa hapa kwa mfano wa nchi moja, Shinyanga. Haikuchaguliwa kwa sababu ya upekee wa mila zake, bali kwa sababu katika nchi hiyo swali la nani aweza kumtazama nani, na kusema nini baada ya kumtazama, limegharimu maisha ya watu.

Wasukuma, ambao ndio wenyeji walio wengi, huita mji wa mtu "kaya". Kaya ya zamani ilikuwa na nyumba kadhaa na zizi la ng'ombe, na mara nyingi ilizungukwa na minyaa. Kati ya kaya na kaya palikuwa na mashamba na malisho. Jioni wanaume waliota moto mahali paitwapo shikome, na hapo wazee walifundisha vijana, wakahukumu mambo na kupashana habari. Minyaa haikuzuia sauti wala moshi. Aliyepita njiani aliweza kujua kama wenyeji wameamka, kama wanapika, au kama wanagombana. Hata hivyo hakuingia bila kupiga hodi.

Neno "hodi" lastahili kuangaliwa kwa makini. Haliulizi habari, wala si salamu. Anayelitamka anakiri kwamba amefika kwenye mpaka, na kwamba mpaka huo una mwenyewe. Katika desturi za pwani, aliyepiga hodi mara tatu asiitikiwe huondoka, hata kama amesikia watu wakizungumza ndani. Basi sikio lake limejua kwamba wamo, lakini ulimi wake hauna ruhusa ya kusema "mbona mmo?" Anachokijua kimefungwa na adabu. Methali za Kiswahili zafuata njia hiyo hiyo. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mwosha anajua kwa kuwa kazi yake imempeleka penye kujua, na kazi hiyo hiyo ndiyo inayomfunga mdomo. Hapa siri haikumilikiwa na mtu mmoja peke yake. Imegawanywa kwa vyeo na kazi, na kila mwenye fungu lake ana amana.

Tukiipima nadharia ya kwanza kwa mambo haya, upungufu wake waonekana upesi. Warren na Brandeis walitaka mtu aachwe peke yake. Katika Shinyanga kuachwa peke yake ni adhabu. Sungusungu, yaani vikundi vya ulinzi vilivyoanza miaka ya 1981 na 1982 katika sehemu za Kahama na mipaka ya Nzega ili kupambana na wezi wa ng'ombe, vilikuwa na silaha moja iliyoogopwa kuliko mishale yao: kumtenga mtu. Aliyetengwa hasalimiwi, hashirikiwi katika kazi wala katika msiba, na jirani anayemwendea huadhibiwa naye. Ray Abrahams na Sufian Bukurura, waliovichunguza vikundi hivyo, wameeleza jinsi adhabu hiyo ilivyokuwa na nguvu. Mtu aliyetengwa anayo faragha tele kwa maana ya Boston: haulizwi, hatembelewi, na habari zake zimo mikononi mwake mwenyewe. Lakini hakuna Msukuma atakayeziita hali hizo neema. Ni dhahiri basi kwamba haki ya kuachwa peke yake haiwezi kuwa kiini cha jambo lenyewe. Ni sura moja tu iliyovaliwa na jambo hilo katika mji wa watu wasiojuana.

Nadharia ya pili yaweza kudhaniwa kuwa imeshinda kwa hoja hiyo. Haikushinda. Aliyesema kwamba kijiji hakina haja ya faragha amesahau umbali uliokuwapo kati ya kaya na kaya. Umbali huo ulikuwa sehemu ya amani: watu wawili waliochukiana waliweza kuishi miaka mingi bila damu kwa sababu hawakuishi mlango kwa mlango, na aliyeshindwa kuvumilia alihama. Mwezi wa Novemba 1973 serikali ilitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwaka 1974 operesheni ikafanyika Shinyanga. Watu walihamishwa kutoka kaya zao wakapangwa katika safu za nyumba. Makusudi yalikuwa mema: shule, zahanati na maji vingewafikia watu kwa urahisi. Lakini umbali ulipoondolewa, hakuna aliyefikiria ni kitu gani kitakachofanya kazi yake. Mzee aliyezoea kuona moshi wa jirani ng'ambo ya shamba sasa alisikia kikohozi chake usiku.

Ni katika miaka hiyo ndipo mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi yalipojulikana nchi nzima. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika uchunguzi wake, ameonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa kwa tuhuma hizo katika Tanzania Bara. Walio wengi walikuwa wanawake, na sehemu kubwa kuliko zote ilikuwa Usukuma. Mauaji yalikuwako kabla ya operesheni, na yana sababu nyingi. Haifai kuupakia ujenzi wa vijiji lawama yote. Hata hivyo yatosha kuivunja dhana kwamba ukaribu wenyewe huzaa udugu.

Alama iliyowaponza wengi wa wanawake hao ilikuwa macho mekundu. Njia iliyoifikisha alama hiyo usoni pao yajulikana vema. Kuanzia miaka ya 1920 vichaka vingi vya Shinyanga vilifyekwa katika vita dhidi ya mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba na makundi ya ng'ombe yakala sehemu ya miti iliyobaki. Kuni zikawa haba, na wanawake wakapikia mavi makavu ya ng'ombe na vijiti vya pamba. Moshi wake ni mkali, na aliyeinama juu yake miaka arobaini katika nyumba isiyo na dirisha atakuwa na macho mekundu. Mtoto akifariki katika nyumba ya jirani, wafiwa walikwenda kwa mpiga ramli, naye akasema mchawi ni mwanamke mzee, anakaa karibu, macho yake mekundu. Hakulazimika kutaja jina.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yote. Macho ya mwanamke huyo hayakuwa siri. Kila mtu aliyaona kisimani na njiani, na habari ya kwamba ni mekundu ilikuwa kweli. Hakuna aliyemwibia taarifa, wala hakuna kilichotoka ndani mwake kikapelekwa nje bila ridhaa. Kilichokuwa cha uongo ni tafsiri. Na tafsiri hiyo ilifanywa mahali asipokuwapo, katika chumba cha ramli na penye moto wa wanaume. Mwenyewe hakuulizwa neno. Aliyeulizwa angaliweza kujibu kwa maneno mawili: ni moshi.

Dola nayo haikujifunza kuuliza. Mwaka 1976, katika operesheni ya kuyakomesha mauaji hayo katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, washukiwa wengi walikamatwa na kuteswa ili wakiri, na baadhi yao wakafa wakiwa mikononi mwa walinzi wao. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa ajili ya jambo hilo, na kujiuzulu huko kumebaki mfano wa kuwajibika katika historia ya taifa. Lakini kwa mchunguzi wa nadharia jambo la kuangaliwa ni mfanano: mpiga ramli alisoma uchawi katika macho ya mjane, na mpelelezi akasoma uuaji katika kukana kwa mshukiwa. Wote wawili walikuwa na jibu kabla ya swali.

Baada ya mwaka 2006 ulikuja msiba mwingine. Watu wenye ualbino waliwindwa kwa ajili ya viungo vyao, na Shinyanga na Mwanza zikatajwa kuliko mikoa mingine. Mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mtoto mmoja, nayo ilikuwa hukumu ya kwanza ya namna hiyo. Watoto wengi walipelekwa katika kituo cha Buhangija, mjini Shinyanga, ili walindwe ndani ya uzio. Nchi hiyo ilikwisha kuona uzio mwingine: mgodi wa Mwadui, ulioanzishwa na John Williamson mwaka 1940, ulikuwa mji uliofungwa ambamo mtu aliingia na kutoka kwa kibali, na mfanyakazi alikaguliwa kwa sababu jiwe dogo la almasi lafichika kwa urahisi. Uzio wa Mwadui ulilinda mawe dhidi ya watu, na uzio wa Buhangija ulilinda watoto dhidi ya watu. Wa pili uliokoa roho, na walioujenga wanastahili shukrani. Walakini mtoto aliyelelewa humo alitengwa na mama yake, na ukuta uliomhifadhi uliacha nje tafsiri ile ile iliyomfanya awindwe, ikiwa nzima. Haya ndiyo matokeo ya kuidhania faragha kuwa ni ukuta: anayefungwa ni yule aliye hatarini.

Imebaki nadharia ya tatu, nayo yakaribia ukweli zaidi ya mbili zilizotangulia. Altman angaliielewa hodi mara moja. Nissenbaum naye angalisema kwamba rangi ya macho, iliyojulikana kisimani, ilipelekwa katika uwanja wa ramli ambako haikustahili kwenda. Lakini ramli nayo ni uwanja wenye kanuni zake, na kwa kanuni hizo hakuna kilichovunjwa: wafiwa waliuliza, mganga akajibu, kama ilivyo desturi. Nissenbaum ameliona shimo hili. Anakubali kwamba kanuni za uwanja zaweza kuwa mbaya, na ataka zipimwe kwa maadili yaliyo juu yake. Jibu hilo ni zuri, ila limeacha swali moja: ni nani atakayekaa katika kupima? Shikome ni mahali pa wanaume. Mjane mzee, asiye na mwana wa kumsemea, hakuwa na nafasi penye moto huo. Kanuni zikipimwa na wale wale waliozitunga, naye akabaki nje, kipimo hicho hakitamsaidia kitu.

Yawezekana fundisho lililo bora limo katika nchi yenyewe, si katika nyumba zake bali katika malisho yake. Wasukuma wana desturi ya ngitili. Mwanzoni mwa masika sehemu ya malisho hufungwa ili majani yakue, kisha hufunguliwa wakati wa kiangazi mifugo ikiwa na njaa. Ngitili yaweza kuwa ya kaya moja au ya kijiji kizima. Haina ukuta. Mpaka wake hujulikana kwa miti, kichuguu au njia, na majani yake huonekana na kila mpitaji. Anayevunja mpaka hupelekwa mbele ya mkutano wa wenyeji, dagashida, akatozwa. Katika operesheni ya mwaka 1974 ngitili nyingi ziliachwa zikaharibika, kwa kuwa wenye kuzilinda walihamishwa mbali nazo. Kuanzia mwaka 1986, kwa msaada wa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI, wenyeji walizirudisha, na hadi mpango huo ulipokwisha mwaka 2004 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimefunikwa tena na miti na majani. Pamoja na miti hiyo zilirudi kuni.

Desturi hii ina mambo matatu ambayo nadharia zilizotajwa hazikuyaunganisha. Kwanza, kilichofungwa chaweza kuonekana na wote na bado kikawa kimefungwa. Kuona si ruhusa ya kuingia. Pili, kufunga kuna majira, na kufungua pia. Tatu, mpaka hulindwa na ujuzi wa majirani, na kosa huamuliwa mbele ya mkutano wa wenyeji. Faragha ya mtu wa Shinyanga, ikielezwa kwa mfano wa desturi yake mwenyewe, ni haki ya kutotafsiriwa kabla ya kuulizwa. Majirani wataendelea kuona moshi, kusikia ugomvi, kujua nani anaumwa na nani amekopa. Hilo halizuiliki, na pengine halifai kuzuiwa, kwa maana mficha maradhi kifo humuumbua. Linalopasa kuzuiwa ni hukumu inayotolewa kwa alama, penye mkutano asipoketi mwenye alama hiyo.

Ikiwa hoja hii ina nguvu, basi lugha ya sheria ina pengo. "Taarifa binafsi" ni istilahi nzuri kwa daftari la benki, faili la hospitali na simu. Hapo mtu aweza kusema hii ni yangu, msiitoe. Lakini uso wa mtu haufichiki wala haukopeshwi. Kiswahili kina neno lingine la zamani, "sitara", litokalo katika kitenzi "kusitiri", na tofauti yake na faragha ni kubwa. Mtu aweza kujipatia faragha peke yake kwa kufunga mlango. Sitara hupewa na mwenzake: aonaye ndiye asitiriye. Watunga sheria wamelichagua neno la utupu, wakaliacha neno la wajibu. Neno hilo la pili ndilo lililohitajiwa na mwanamke wa Shinyanga aliyekuwa akipika juu ya mavi makavu ya ng'ombe. Mlango alikuwa nao. Usiku wauaji walipokuja, hawakupiga hodi.